Lekcha zote ni mtandaoni, ada ni ileile ya wanaokaa darasani. Kwa nini?

#1 Mtu wa Kasulu

Habari wakuu.

Mimi ni mtumishi wa halmashauri, niko Kasulu. Nimeanza shahada ya uzamili ya utawala na rasilimali watu katika chuo kimoja cha Dar kwa utaratibu wa mtandaoni, darasa letu ni watu ishirini na tano. Vipindi ni Zoom, jioni na Jumamosi. Asaimenti napandisha kwenye Moodle, mfumo wa masomo wa chuo. Kinachonipeleka chuoni ni mtihani wa mwisho wa muhula tu.

Ada ninayolipa ni sawasawa na ya mwenzangu anayekaa darasani palepale Dar. Na si ada ya masomo peke yake. Kwenye ankara kuna mstari wa maktaba, mstari wa huduma za afya chuoni, mstari wa michezo, mstari wa ukarabati wa majengo. Zahanati ya chuo hata mlango wake siujui. Wakati huohuo bando nanunua mwenyewe, na umeme ukikatika nabeba laptopu hadi kwa jirani mwenye sola.

Kiti, taa, feni na projekta ambavyo chuo kingenipa, sasa najipa mwenyewe. Gharama haikupotea, imehamia kwangu. Kwa hiyo nasema ada ishuke. Anayepinga anipe hesabu.

#2 Dada wa Mabibo

Hesabu hii hapa. Kasulu hadi Dar ni zaidi ya kilomita elfu moja. Ungesoma darasani ungepanga chumba Changanyikeni au Survey, kodi ya miezi sita mbele, daladala kila siku, chakula cha mamantilie mchana na jioni. Halafu ruhusa ya masomo ungeipata lini? Kuna watumishi wanaandika barua ya kuomba ruhusa mwaka hadi mwaka. Wewe unasoma na mshahara unaingia. Mbona hilo hujaliweka kwenye mizani?

#3 Mtu wa Kasulu

Dada wa Mabibo, faida hiyo naiona na ndiyo iliyonifanya niombe nafasi. Lakini si chuo kinachonipa. Mshahara nalipwa kwa kazi ninayoifanya mchana. Mimi nauliza kile chuo kinachonitoza, kinanitoza kwa huduma gani?

#4 Fundi Nyaya

Kabla hamjafika mbali, mleta uzi punguza maumivu ya bando. Inakadiriwa kwamba kikao cha Zoom cha watu wengi chenye video kinakula kati ya MB 810 na GB 2.4 kwa saa, kutegemea ubora wa picha. Vipindi vitatu vya saa mbili kwa wiki, piga mwenyewe.

Fanya hivi. Zima kamera yako. Kwenye mipangilio zuia video za wenzako zisiingie, baki na sauti na slaidi. Kipindi kikirekodiwa usikitazame mara mbili mtandaoni, kipakue mara moja usiku ukiwa na bando la usiku. Na mwombeni mhadhiri atume slaidi mapema kama PDF, mkishakuwa nazo sauti pekee inatosha.

#5 Mtu wa Kasulu

Shukrani fundi. Kamera mhadhiri mmoja analazimisha iwe wazi, anasema asipoona nyuso anajua tumelala.

#6 Kiboko ya Madesa

Na kweli mnalala 😂. Mimi mwenzenu naijua hiyo, mtu anajiunga, anaweka simu kwenye chaji, anaenda kuangalia mpira. Mahudhurio yanasoma yuko ndani.

Turudi kwenye mada. Tatizo ni kwamba mambo haya yaliletwa na korona juzi tu, vyuo havikujipanga. Waliona njia ya kukusanya ada bila kujenga mabweni wakaikumbatia. Moodle ni ya bure, hakuna chuo kinachoilipia. Sasa hela inakwenda wapi?

#7 Mzee wa Huria

Kiboko, hapo kwenye korona si kweli. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge Na. 17 ya mwaka 1992, Makamu Mkuu wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Sisi wa miaka ile tulisoma kwa vitabu vilivyochapwa, tulikutana ana kwa ana kwenye vituo vya mikoa mara chache kwa mwaka, na mtihani tulifanyia hukohuko mkoani. Walimu, askari polisi, makarani wa mahakama, wauguzi, hao ndio waliojaza madarasa. Hakuna chuo kingine ambacho kingetuchukua tukiwa kazini.

Hata mtandaoni kwenyewe si jambo la juzi. Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu cha Mtandaoni cha Afrika, AVU, mwaka 1997, lekcha zikarushwa kwa setilaiti hadi vyuo vya huku kwetu. Makao yake yakahamia Nairobi mwaka 2002. Korona ilichofanya ni kuwalazimisha waliokuwa wakiidharau njia hii.

#8 Mhadhiri Kimya

Nafundisha chuo cha umma, niseme upande wetu.

Moodle ni programu huria, leseni yake hailipiwi. Lakini seva inalipiwa, umeme wa seva unalipiwa, na kijana anayeiamsha saa nane usiku siku ya kukusanya asaimenti anataka mshahara. Leseni za Zoom zinalipiwa kwa dola. Turnitin, ile programu ya kukagua kama kazi imenakiliwa, inalipiwa kwa dola, na shilingi ikishuka bei hiyo inapanda bila chuo kuongeza mwanafunzi hata mmoja.

Halafu muda. Kozi ya darasani niliyoifundisha miaka mingi nilikuwa naingia na karatasi moja ya vidokezo. Kuigeuza iwe ya mtandaoni kulinichukua likizo nzima: kuandika moduli, kurekodi, kutunga maswali ya kila wiki, kuweka majadiliano ambayo lazima niyasome na kuyajibu. Kipindi cha darasani kinaisha baada ya saa mbili. Cha mtandaoni hakiishi, kwa sababu WhatsApp ya darasa inalia mpaka usiku wa manane, na anayeuliza ni mtu mzima aliyetoka kazini, huwezi kumnyamazia.

Kwa hiyo wanaodhani mtandao ni rahisi kwa chuo wanaangalia majengo tu. Kwenye elimu ya juu gharama kubwa ni watu.

#9 Kiboko ya Madesa

Mhadhiri, nakubali kazi ni kubwa. Lakini moduli ukishaandika mara moja unaitumia miaka mingapi? Kuna mwalimu wetu video zake zinataja muhula wa miaka iliyopita, mpaka tarehe ya test ni ya zamani. Kazi ya mara moja, ada ya kila mwaka.

#10 Mhadhiri Kimya

Huyo hafundishi, anapiga santuri. Msimpime kila mmoja kwake.

#11 Mkokotozi

Kiboko amegusa kiini. Mfano wa Marekani: Georgia Tech walianzisha shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta ya mtandaoni Januari 2014, programu nzima kwa takriban dola 7,000, wakati ya darasani ilikuwa ghali mara kadhaa. Waliweza kwa sababu walipokea maelfu ya wanafunzi. Gharama ya kutengeneza kozi moja ikigawanywa kwa maelfu inakuwa ndogo, ikigawanywa kwa watu ishirini na tano wa darasa la Mtu wa Kasulu inabaki kubwa.

Ndiyo maana ada haishuki: wanafunzi wachache, wahadhiri walewale, seva za kwao.

#12 Mhadhiri Kimya

Mkokotozi ameeleza vizuri kuliko mimi. Ongeza na hili, Georgia Tech walipata msaada wa fedha wa kampuni ya AT&T mwanzoni. Chuo chetu kianze na nini?

#13 Mtu wa Kasulu

Basi vyuo vyetu viungane. Kozi ya mbinu za utafiti inafundishwa kila chuo, kila mmoja anatengeneza ya kwake. Kwa nini isitengenezwe moja nzuri, ya Kiswahili na ya Kiingereza, wote waitumie?

#14 Mzee wa Huria

Jaribu kuwaambia maprofesa wa vyuo viwili wakubaliane silabasi moja, kijana. Utastaafu hawajamaliza kikao.

#15 Mwana wa Eldoret

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Huku Kenya mjadala ni huohuo, karo na karo. Mwaka 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalihamia mtandaoni, na KENET, mtandao wa intaneti wa vyuo vya Kenya, wakashirikiana na kampuni za simu kutoa data ya bei nafuu kwa wanafunzi. Iliwasaidia walio mjini. Mimi nilikuwa nyumbani kijijini, nilipanda mlima kutafuta mtandao na mvua ikinyesha.

Sasa serikali imeanzisha Open University of Kenya, ilipewa hati Agosti 2023, makao Konza. Ni chuo cha mtandaoni tangu mwanzo. Mimi naona huo ndio mwelekeo, chuo kisicho na hosteli za kukarabati hakiwezi kukutoza ukarabati.

#16 Dada wa Mabibo

Mwana wa Eldoret, nyie mlikaa nje muda mrefu. Sisi vyuo vilifungwa Machi 2020 na tarehe 1 Juni tukarudi darasani. Nadhani ndiyo sababu wahadhiri wengi wa huku hawakulazimika kujifunza. Walisubiri ipite.

#17 Kiboko ya Madesa

Ndiyo nilichosema mimi! Havikujipanga.

#18 Mama Wawili

Mnaongea ada tu, naomba niseme la nyumbani.

Nilijifungua mwaka wa kwanza wa uzamili. Darasani ningeahirisha mwaka, na wengi wakiahirisha ndio wamekwisha. Mtandaoni nilisoma mtoto akinyonya, kamera imezimwa. Nimemaliza kozi zote, nipo kwenye tasnifu. Sitakubali mtu aseme njia hii haina thamani.

Lakini msiseme ni rahisi. Kipindi kilikuwa saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo ndiyo ya kupika, kuogesha watoto, na wageni ndiyo wanaingia. Mwanamke akiaga kwamba anakwenda chuo, watu wanaelewa hayupo. Akikaa chumbani na laptopu wanaona yupo, amejifungia tu. Mama mkwe alikuwa anafungua mlango katikati ya prezentesheni kuuliza chumvi iko wapi. Kilichoniokoa ni vipindi kurekodiwa, nilivitazama saa kumi alfajiri kabla ya nyumba kuamka.

Mhadhiri Kimya, waambie wenzako warekodi. Wapo wanaokataa.

#19 Mhadhiri Kimya

Wanaokataa wana hofu mbili: video kusambazwa nje, na wanafunzi kutohudhuria kabisa. Ya pili imethibitika darasani kwangu, lakini kwa hali kama yako narekodi. Pongezi mama.

#20 Sindano

Mimi ni muuguzi. Mnasema elimu ya juu kana kwamba yote ni slaidi. Nadharia ya anatomia nitasoma popote. Kutafuta mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji, kumsikiliza mgonjwa anayeficha anachoumwa, kupokea mtoto saa tisa usiku umechoka, hayo yako wodini na yanahitaji mtu mwenye uzoefu amesimama pembeni yako akikwambia subiri, au sogea nifanye mimi. Mtu wa mifugo hawezi kujifunza kumzalisha ng'ombe kwa Zoom. Injinia naye karakana.

Kwa hiyo anayetaka kila kitu kiende mtandaoni ili ada ishuke atatuletea wataalamu wa mdomo.

#21 Mkokotozi

Hakuna aliyesema kila kitu, Sindano. Uzamili wa utawala na rasilimali watu wa mleta uzi hauna ng'ombe.

#22 Sindano

Una watu. Utasomaje rasilimali watu bila kukaa na watu?

#23 Mtu wa Kasulu

Nakaa nao kutwa nzima ofisini, wananitosha.

#24 Ajira Portal Daily

Nakaa kwenye kamati za usaili za shirika binafsi. Zamani nilikuwa naweka pembeni vyeti vya elimu ya masafa, ya kusomea mbali na chuo. Nimeacha, maana niliona wenye vyeti hivyo wana miaka ya kazi na wanajibu swali kwa mfano wa kitu walichokifanya. Shida niliyonayo sasa ni tofauti: tasnifu nzuri, Kiingereza safi, ukimuuliza alikusanya data vipi anatoa macho. Hilo liko kwa wa darasani na wa mtandaoni vilevile.

#25 Kiboko ya Madesa

Kwa sababu wameandikiwa. Matangazo yapo kwenye nguzo za umeme nje ya vyuo na sasa yako kwenye magrupu, "tunaandaa proposo na ripoti kwa bei nafuu". Na asiye na hela anaingia ChatGPT.

#26 Mhadhiri Kimya

Dawa yake ipo, ni mahojiano ya mdomo. Dakika kumi na mwanafunzi mmoja mmoja, namuuliza aya aliyoandika mwenyewe. Lakini darasa la watu mia na ishirini, piga hesabu ya dakika hizo, nani atanilipa? Tunarudi kulekule, ukitaka ubora unahitaji watu, na watu ni gharama.

#27 Mpemba wa Muscat

Asalaam aleikum. Nipo Oman, nafanya kazi ghalani, nasoma shahada ya kwanza ya chuo kimoja cha nyumbani. Saa zetu ziko mbele kwa saa moja tu, kwa hiyo kipindi cha jioni napata baada ya zamu. Bila mtandao ningesubiri nirudi, na kurudi kwenyewe kunategemea mkataba.

Taabu yangu ni majadiliano. Simu za WhatsApp huku zimebanwa, wenzangu wakikutana kwa kupigiana mimi nabaki na ujumbe wa sauti. Wanaamua, mimi nasikia baadaye. Alama za kazi ya kikundi tunapata sawa, lakini najua nimepitwa na mazungumzo.

Swali kwa wenye uzoefu: hivi vyuo vya nje vya mtandaoni visivyotoza ada vinatambulika nyumbani?

#28 Mzee wa Huria

Waaleikum salaam. Usilipe hata senti kabla ya kuuliza TCU, wao ndio wanaotathmini vyeti vya vyuo vikuu vya nje. Uliza kuhusu chuo na uliza pia kuhusu programu yenyewe. "Bila ada" nayo soma vizuri, wengi wanatoza kila mtihani.

#29 Mwana wa Eldoret

Mpemba usikate tamaa. Susan Kigula wa Uganda alisoma sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa gerezani, alikuwa amehukumiwa kunyongwa. Kama yeye aliweza mtandaoni, wewe utashindwaje?

#30 Mzee wa Huria

Kisa ni cha kweli na ni kikubwa. Kesi yenye jina lake ndiyo iliyomalizikia Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2009 na kuondoa ulazima wa hukumu ya kifo. Ila hiyo ilikuwa elimu ya masafa, gerezani hakukuwa na Zoom. Tusichanganye. Masafa yanaweza kwenda kwa karatasi na mwalimu anayekutembelea. Mandela naye alipata shahada yake ya sheria UNISA, chuo cha masafa cha Afrika Kusini, mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Karatasi haihitaji bando, na ndiyo maana mimi nasema tuliiacha mapema mno.

#31 Fundi Nyaya

Mzee una hoja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima mtandao ulikuwa wa kuvizia kwa siku kadhaa. Nilikuwa nahudumia maabara ya kompyuta ya chuo fulani, kulikuwa na test ya muda maalumu. Mfumo ulijifunga kwa saa yake, waliokuwa ndani wakapata sifuri. Ilichukua wiki kuwashawishi wakubwa kwamba waya uliokatika baharini si kosa la mwanafunzi.

#32 Dada wa Mabibo

Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa je? Hapo hakuna waya uliokatika.

#33 Kiboko ya Madesa

Dada huko usitupeleke, uzi utafungwa na bado nausoma.

#34 Mkokotozi

Kuna jambo halijasemwa. Mwaka 2019 jarida la Science lilitoa takwimu za kozi huria za mtandaoni za Harvard na MIT: katika washiriki wote wa 2017-18, waliomaliza ni asilimia 3.13. Wengine wote waliachia njiani. Hiyo ni gharama pia, muda wa mtu na moyo wake.

#35 Mama Wawili

Asilimia 3 ni ya watu waliobofya kujiandikisha bure, Mkokotozi, wengine hawakufungua hata somo la kwanza. Soma jedwali lote, waliolipia cheti walimaliza karibu nusu, asilimia 46. Usitukatishe tamaa kwa namba ya watazamaji.

#36 Kiboko ya Madesa

Kumbe ada ndiyo inayowamalizisha! Mtu wa Kasulu, omba waongeze 😂

#37 Mtu wa Kasulu

Nimesoma yote. Mhadhiri Kimya amenishawishi kwenye ada ya masomo, watu wanaonifundisha walipwe. Hajanishawishi kwenye zahanati, michezo na majengo. Na liko la Bodi ya Mikopo kwa wadogo zetu wa shahada ya kwanza: wanakopeshwa chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Bando na kifaa havina mstari wake, wakati chuo kinawataka wasome mtandaoni.

Naandaa barua ya darasa letu. Mwenye ankara yenye mistari kama yangu aweke hapa, afiche jina na namba ya usajili.

#38 Dada wa Mabibo

Mkiondolewa mistari hiyo, ada ya masomo itapandishwa kufidia. Nimeyaona.

#39 Mgeni Mpya

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Darasani kwetu tuliandika muhula uliopita, wakatuondolea mstari wa afya na wa michezo. Wa maktaba walikataa, wakasema majarida ya mtandaoni tunayosoma yanalipiwa na maktaba. Ada ya masomo haikuguswa, haikushuka wala kupanda.

#40 Mtu wa Kasulu

Karibu sana. Barua mlimwandikia nani, mkuu wa idara?

#41 Mgeni Mpya

Mkuu wa idara aliikalia. Tuliandika upya kwa bursa, yule msimamizi wa fedha za chuo, nakala kwa mkurugenzi wa masomo ya uzamili, tukaambatanisha ankara na ratiba inayoonyesha vipindi vyote ni mtandaoni. Wasainishe wote, hata wanaolala na kamera imezimwa.